Kundi letu linamwagiwa takataka kila usiku, nifanyeje?

SWALI

Kaka, salaam. Mimi ni admini wa kundi la mafundi cherehani mtandaoni, tuko 600 na ushei. Wiki ya tatu sasa kuna mtu anaingia usiku na kumwaga takataka: stika mia kwa mpigo, maneno yasiyo na kichwa wala miguu, picha chafu, linki za kamari, meseji moja hiyohiyo mara hamsini. Namtoa, anarudi kwa jina jingine. Wanachama wengine wanamtukana, wengine wanacheka, na watu makini wameanza kuondoka kimyakimya. Juzi mgeni mmoja aliuliza kwa nini cherehani yake inaruka mishono. Swali likazama, hakuna aliyeliona. Nilipofunga kundi usiku mmoja, baadhi wakaniita dikteta. Nivumilie, au nilivunje kundi kabisa?

JIBU

Dada yangu, pole kwa kukesha. Kundi usilivunje, na kuvumilia pia usivumilie. Kuna kazi ya kama saa mbili unayoweza kuifanya kesho mchana, ukiwa umelala vizuri, na sehemu kubwa ya balaa hili itapungua. Ila kabla sijakuambia ubonyeze wapi, nikusimulie kosa langu mwenyewe, maana naliona kwenye ujumbe wako.

Mara ya kwanza jukwaa nililokuwa nalisimamia kuvamiwa, nilipigana. Mtu aliingia saa saba na robo usiku, akaanza kubandika aya ileile ya matusi huku akiichanganya na stika za nyani. Nikamjibu. Wanachama waliokuwa macho nao wakamjibu. Tukamwambia aondoke, tukamuuliza kama kwao hakuna wazee, na mmoja wetu akamwandikia aya tatu za nasaha. Alichoka saa tisa. Asubuhi nikapakua mazungumzo yote ya usiku ule, nikayaweka kwenye jedwali na kuyapanga kwa jina la mtumaji. Meseji zilikuwa 391. Zake yeye zilikuwa 64. Hizo nyingine 327 zilikuwa zetu, na 19 kati yake niliziandika mimi, tena ndizo zilizokuwa ndefu kuliko zote. Mwanachama aliyewasha simu asubuhi akakuta meseji 391 hakuwa na haja ya kujua nani alianza. Alijitoa.

Kwa hiyo chukua usiku mmoja, ule mbaya kuliko zote, uhesabu. Usikadirie, hesabu kabisa. Nadhani utakuta kama nilichokuta mimi, na ukishakikuta utaacha kufikiri kwamba unapambana na mtu. Unapambana na bei. Yeye kunakili na kubandika kunamgharimu sekunde moja. Wewe kufuta kunakugharimu sekunde tano, na kujibu kunakugharimu dakika nzima pamoja na usingizi. Wanachama 600 kila mmoja anapoteza muda wa kupita juu ya uchafu akitafuta chenye maana. Kila utakachofanya kipime kwa swali moja: je, kinamfanya yeye alipe zaidi, au kinanifanya mimi nilipe zaidi? Kumtukana kunakulipisha wewe. Hata kumtoa mmojammoja kwa mkono saa nane za usiku kunakulipisha wewe.

Sasa tumjue ni nani. Umesema "mtu", lakini linki za kamari na picha chafu zinanipa shaka kwamba angalau sehemu ya usumbufu huo haina mtu. Angalia saa za meseji. Binadamu hatumi kwa mdundo: atatuma tatu haraka, atakaa sekunde 40 akicheka, atatuma nyingine. Roboti, yaani programu inayotuma meseji yenyewe, hutuma kila baada ya sekunde nne, nne, nne, kama bomba linalovuja. Tena roboti halisomi. Mwaka 1994, kwenye Usenet, mtandao wa makundi ya majadiliano uliotangulia hii mitandao tunayoitumia leo, kulikuwa na akaunti iliyojiita Serdar Argic. Ilifurika kwenye makundi kadha wa kadha ikikanusha mauaji ya kimbari ya Waarmenia, na ilikuwa ikirukia karibu kila ujumbe wenye neno la Kiingereza la Uturuki. Kwa bahati mbaya kwake, neno hilohilo kwa Kiingereza ni batamzinga. Watu waliokuwa wanazungumza habari za kumpika ndege wakajikuta wanahutubiwa kuhusu Dola ya Osmania, ile iliyoitangulia Uturuki ya leo. Hapo ndipo kila mtu alipoelewa kwamba upande wa pili kuna programu inayotafuta neno. Jaribu kitu kama hicho: uliza swali jepesi ambalo mtu yeyote angelijibu, hata kwa tusi. Asipobadilika hata kidogo, unashughulika na mashine. Mashine haina haya na haichoki, kwa hiyo yote nitakayosema kuhusu kupuuza hayaihusu. Dawa ya mashine ni mlango.

Kama ni mtu, jua ni mtu wa namna gani. Wapo wanaotafuta kicheko tu, yaani hasira zenu ndiyo starehe yao. Hawa ndio matroli hasa. Watu wengi hudhani neno hili limetokana na lile jitu la hadithi za Ulaya ya kaskazini, lakini waliolieneza Usenet miaka ya mwanzo ya 1990 walikuwa na uvuvi akilini: kukokota chambo nyuma ya mashua polepole, ukingoja nani ataruka kukidaka. Na wapo wenye kinyongo, ambao hawataki kicheko. Wanataka mazungumzo fulani yasisomeke. Hawa ni hatari zaidi, na namna ya kuwatambua ni kutazama kilichokuwa kwenye skrini dakika kumi kabla ya uchafu kuanza. Kama kila mara ni baada ya mwanachama fulani kuandika, au baada ya mada fulani kuguswa, basi kuna jambo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi moja la Usenet lililokuwa na wakosoaji wengi wa Kanisa la Scientology, dini iliyoanzia Marekani, lilifurikiwa na meseji za upuuzi mtupu zilizotungwa na programu, tena zikiwa zimebandikwa majina ya wachangiaji wa kawaida wa kundi hilo. Hakuna aliyekuwa akibishana na hoja zao. Zilifunikwa tu, mpaka msomaji asijue lipi limeandikwa na mwenye jina na lipi la kughushi. Ukiona jina lako wewe admini linatumiwa na mtu mwingine, herufi moja imebadilishwa, unaye wa aina hii.

Nimekwisha kukutana na hilo la jina. Mtu alifungua akaunti yenye jina langu na picha yangu, tofauti ikiwa herufi l ndogo iliyowekwa I kubwa. Kwenye simu hata mimi mwenyewe sikuiona. Akawatangazia wanachama kwamba kundi linahamia kwingine na linki hii hapa. Watu thelathini na kitu walimfuata kabla sijaamka. Tangu siku hiyo, kwenye makundi yangu jina la admini lina neno la ziada ambalo nimelitangaza kwenye ujumbe uliobandikwa juu, na kila mtu anajua tangazo la kuhama halitolewi na mtu mmoja.

Sasa kuhusu wanachama wanaomtukana. Umeandika kana kwamba hao wako upande wako. Kwa nia, ndiyo. Kwa hesabu, wanamfanyia kazi yake. Mwaka 2014 Justin Cheng na wenzake waliopima maoni kwenye jamii nne za habari mtandaoni walikuta kwamba mtu anayepigiwa kura za chini, yaani za kuonyesha hawajapenda alichoandika, na wenzake haachi kuandika. Huongeza, na anachoandika baadaye huwa kibovu zaidi. Kumzomea kumbe ni namna ya kumtilia mafuta. Kikundi hichohicho cha watafiti, wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, kilitoa utafiti mwingine mwaka 2017 ambao naupenda zaidi kwa sababu unatuhusu sisi wastaarabu. Waliwapa watu mtihani, wengine mwepesi na wengine mgumu wa kuudhi, kisha wakawaonyesha mjadala ulioanza vizuri au ulioanza na maoni ya uchokozi, wakawaomba wachangie. Walioingia wakiwa na furaha kwenye mjadala safi, asilimia 35 ya maoni yao yalikuwa ya kitroli. Walioudhiwa na mtihani kisha wakakuta mjadala mchafu, asilimia 68. Watu walewale wa kawaida, mimi na wewe. Kwa hiyo takataka ikikaa saa sita kwenye kundi lako inawafundisha wengine kwamba hapa ni jalalani.

Ndiyo maana sikubaliani na ule ushauri wa "mpuuzeni tu, atachoka", walau usipotimizwa. Kupuuza bila kufuta ni kuwaachia wanachama jalala. Kufuta huku unatangaza "nimekufuta, mshenzi wewe" ni kumpa alichokifuata. Kinachofanya kazi ni vyote viwili pamoja: futa upesi, nyamaza. Asubuhi mtu akiingia asikute hata alama kwamba kuna kilichotokea. Hakuna kinachomkatisha tamaa mchokozi kama kukosa ushahidi kwamba amefika.

Nikirudi kwenye mlango. Hukunitajia mnatumia programu gani, kwa hiyo nitasema kwa jumla na kutaja moja mbili ninazozijua. Umesema unamtoa na anarudi. Anarudi kwa wapi? Kwa linki ya mwaliko, ileile uliyoisambaza siku mnaanzisha kundi. Maadmini wengi niliowasaidia walikuwa wakimfukuza mtu mlangoni huku ufunguo wakiwa wamemwachia. Futa linki ya zamani, tengeneza mpya, na usiibandike mahali pa wazi. Halafu washa idhini ya kujiunga: WhatsApp na Telegram zote zina sehemu ambapo anayebonyeza linki anasubiri admini amkubali kwanza. Hapo weka swali moja, ulitume kwa kila anayeomba. Lisiwe swali la mtihani. Liwe swali ambalo mtu wa fani yenu atalijibu bila kufikiri na mvamizi itabidi akae alitafute. "Unashona kwa mashine ya aina gani, na unashona nini zaidi?" linatosha. Roboti litashindwa, na mtu mwenye kinyongo atalazimika kutunga uongo mpya kwa kila akaunti. Sekunde yake moja sasa imekuwa dakika tano.

La pili ni karantini ya wageni. Telegram na Discord, programu nyingine ya makundi ya gumzo, zinakuruhusu, kwa mipangilio yake au kwa roboti la usimamizi, kumzuia aliyejiunga leo asitume linki, picha wala stika mpaka siku kadhaa zipite, aandike maneno tu. Mwanachama wa kweli hata hataona kama amezuiwa, kwa kuwa siku za kwanza watu wengi husoma. Mchafuzi ndiye atakayeona.

La tatu, na kwa hali yenu huenda ndilo lenye nguvu kuliko yote, ni mwendo wa polepole. Kwenye Telegram unaweza kuamua kila mtu atume meseji moja tu kila baada ya muda fulani, kuanzia sekunde chache mpaka saa nzima. Discord inafika mpaka saa sita. Hebu fikiria: meseji 64 alizonitumia mimi kwa chini ya saa mbili, kwa mwendo wa dakika 15 zingemchukua saa kumi na sita. Hakuna atakayekaa saa kumi na sita. Weka dakika moja mchana, dakika 15 kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri. Wenye la kusema wataliandika lote kwenye meseji moja, jambo ambalo, nikuambie ukweli, litawafaa hata wanachama wako wazuri wenye tabia ya kutuma "habari", kisha "jamani", kisha "kuna mtu", kila neno na meseji yake. Kwa programu isiyo na mwendo wa polepole, tumia ile sehemu ya maadmini pekee kuandika, lakini kwa saa za usiku tu na kwa ratiba iliyotangazwa. Waliokuita dikteta nadhani waliudhika kwa sababu ulifunga ghafla. Duka likiwa na saa zake za kufunga, hakuna anayelalamika.

Na usiku asikeshe mtu mmoja. Tafuta wasaidizi wawili au watatu, ikiwezekana mmoja anayeishi kwenye saa tofauti na zako, wape mamlaka ya kufuta na kutoa, si ya kubadilisha mipangilio ya kundi. Mnapomtoa mtu kwenye Telegram, kuna kisanduku cha kufuta meseji zake zote kwa pamoja. Kitie alama. Nimewaona watu wakifuta stika mia mojamoja kwa kidole na kisanduku kiko palepale.

Kuna mambo mawili ambayo utashauriwa uyafanye na mimi nakusihi uwe nayo mwangalifu. Moja ni kuzuia kwa anwani ya mtandao (IP), ile namba ambayo kifaa hutambulika nayo mtandaoni, kama mna jukwaa lenu wenyewe kwenye seva. Siku hizi kampuni za simu huwaweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani moja. Ukiizuia, umewafungia watu wasio na habari, na yeye akizima data na kuwasha anapata nyingine. Fanya hivyo kwa saa chache wakati wa shambulio tu, halafu ondoa.

La pili ni kichujio cha maneno. Kinavutia sana: orodhesha matusi, meseji yenye neno hilo ifutwe yenyewe. Mwaka 1996 AOL, kampuni ya huduma za mtandao, iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti kwa sababu katikati ya jina la mji wao mna tusi la Kiingereza. Sisi tunacho chetu. Kuna tusi la Kiswahili la herufi nne ambalo sitaliandika hapa, lakini limo, herufi kwa herufi, ndani ya "kumaliza". Fundi akiuliza namna ya kumalizia pindo, swali linafutwa, naye anabaki kujiuliza amekosa nini. Hilo limetokea kwenye jukwaa nililolisimamia na ilichukua siku mbili kuelewa kwa nini watu walikuwa wakilalamika. Kama lazima uchuje, chuja neno zima lililosimama peke yake, na hata hivyo mchokozi ataweka nukta katikati ya herufi, au atachomeka "a" ya Kirusi ambayo kwa macho haitofautiani na yetu. Vichujio ninavyoviamini ni vya kuhesabu: ujumbe uleule mara tatu ndani ya dakika, linki kutoka kwa mgeni, mtu kutuma vitu kumi kwa sekunde ishirini.

Hata hivyo vya kuhesabu, usiviache peke yake usiku wa kwanza. Mwishoni mwa Machi 1993 Mmarekani Richard Depew aliwasha programu aliyoiandika ili ifute baadhi ya meseji za Usenet zisizo na jina. Ilikuwa na kosa. Ilianza kuzijibu meseji zake yenyewe, kila jibu likizaa jibu, na kundi la watu waliokuwa wakijadili usimamizi wa mtandao likapokea takriban meseji 200 za programu ikizungumza peke yake. Aliomba radhi. Ni miongoni mwa mara za mwanzo watu wa Usenet kutumia neno spamu kwa mafuriko ya namna hiyo, na aliyeyasababisha alikuwa mtu wa kufagia.

Sasa tuzungumzie udikteta, maana nahisi ndio unaokuuma kuliko stika. Wanachama wako wana haki ya kuogopa, kwa sababu wapo maadmini wanaoita takataka kila wasilokubaliana nalo. Dawa ni kuandika kanuni inayohesabika. Watu wa Usenet walilijadili hili sana miaka ya 1990 wakafika kwenye kipimo kilichoitwa kwa jina la Seth Breidbart. Kwa kila nakala ya ujumbe unachukua kipeuo cha pili cha idadi ya makundi ilikotumwa, kisha unajumlisha. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa makundi tisa kwa pamoja unapata alama 3. Ujumbe huohuo ukitumwa kando kando kwenye makundi ishirini, nakala ishirini, unapata 20. Alama zikifika 20 ndani ya siku 45, ujumbe ulihesabiwa kuwa spamu na ungeweza kufutwa. Ona kilichoachwa nje ya hesabu: ujumbe wenyewe unasema nini. Uwe mahubiri, tangazo au shairi zuri, hesabu ni ileile.

Hakuna haja ya vipeuo kwenye kundi la washonaji. Andika hivi, kwa mfano: "Ujumbe uleule usirudiwe zaidi ya mara mbili kwa siku. Stika zisizidi tatu mfululizo. Linki zisizohusu ushonaji zitafutwa. Atakayezidisha atanyamazishwa siku moja, akirudia, atatolewa. Ukiona umeonewa, mwandikie admini fulani, ambaye si yule aliyekutoa." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayomtofautisha msimamizi na dikteta. Na weka daftari, hata kama ni faili la kawaida kwenye simu yako: tarehe, akaunti, kanuni iliyovunjwa, nani alimtoa. Mtu akikuuliza mbele ya watu kwa nini ulimwondoa fulani, unajibu kwa mstari mmoja.

Kwa kanuni hiyohiyo utawakinga wageni wasio na hatia. Usenet ya zamani kila Septemba ilipokea wanafunzi wapya wa vyuo wasiojua adabu za mahali, wakifundishwa kwa wiki chache wanatulia. Kuanzia 1993, mtandao ulipoanza kufunguliwa kwa umma, wageni hawakukoma, na wakongwe wakauita msimu huo Septemba isiyo na mwisho. Fundi mgeni anayetuma picha kumi na mbili za gauni lake la kwanza hajakuvamia. Amefurahi. Mpe neno la upole kwenye faragha.

Watakuja watu kukuambia kuna ujanja mwingine: kumwacha mchokozi aandike lakini asionekane na yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Ni wa zamani, programu za majukwaa ya miaka ya 1980, yale ambayo kompyuta iliyafikia kwa kupiga simu ya mezani, zilikuwa nao. Kwa roboti, sina shida nao. Kwa mtu siutumii. Siku moja utamkosea mtu ambaye hakuwa mchokozi, atazungumza peke yake wiki nzima, atagundua, na kuanzia hapo kila mwanachama ambaye hajajibiwa atadhani amefichwa.

Kuhusu zile picha chafu, jambo moja bila mzaha. Kama hata moja inamhusu mtoto, usiihifadhi kama ushahidi, usimtumie admini mwenzako aione. Iripoti palepale kwa kitufe cha kuripoti cha programu, toa taarifa polisi, kisha iondoe kwenye kundi. Kwa vitisho dhidi ya mwanachama ni kinyume chake: piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na saa kabla hujafuta, umpe aliyetishiwa.

Umeuliza pia kama uvumilie. Kundi lisilo na anayelinda huisha. Mwishoni mwa 2023 makundi mengi ya Usenet, baadhi yakiwa na zaidi ya miaka thelathini ya mazungumzo, yalifurikiwa na matangazo ya roboti yaliyopitia huduma ya Google Groups, mpaka baadhi ya waendesha seva wakaamua kukataa chochote kinachotoka huko. Tarehe 22 Februari 2024 Google ikakata uhusiano wake na Usenet. Kwenye makundi yaliyokuwa na msimamizi anayepitisha meseji kabla hazijaonekana, watu waliendelea kuzungumza.

Kesho basi, ukishabadilisha linki na kuweka mwendo wa usiku, waandikie wanachama ujumbe mmoja mfupi, mchana, usio na hasira. Usimtaje yeye hata kwa fumbo, kwa sababu anausoma. Waambie saa za usiku zimebadilika, kanuni ziko juu, na wakiona kitu cha ajabu wasikijibu bali wamwandikie admini wa zamu faraghani. Yule anayependa sana kumtukana, muombe awe mmoja wa wasaidizi wako. Watu wenye hasira ya aina hiyo, ukiwapa kitufe cha kufuta, hutulia.

Halafu panda juu kwenye mazungumzo ya juzi, pitia stika zote hizo, ulitafute swali la yule mgeni wa cherehani inayoruka mishono. Linukuu, umtaje jina, ulilete chini tena. Mimi si fundi, ningemwambia tu abadilishe sindano na aangalie kama ameiweka vizuri. Ninyi mko mia sita.